Alfred Nobel, mtu aliyeweka dinamiti ndani ya moto mbele ya watu

Kila mwaka, mwezi wa 10 ukifika, jina la Nobel linarudi ku redio. Mwaka 2018 hapa Kongo tulilitaja mpaka sauti zikakauka, juu ya daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, kupata zawadi ya amani pamoja na Nadia Murad wa Irak. Lakini sisi watu wa Katanga tuna sababu ingine ya kulijua jina hilo. Kila mara ardhi inatetemeka upande wa karieri, vyombo vinalia ku kabati na watoto wanauliza ni nini, kazi inayofanyika kule ina mizizi yake ku mikono ya mtu huyo mmoja. Ni yeye aliyeonyesha dunia namna ya kubeba, kuweka na kuwasha dawa ya kulipua mawe bila kufa nayo njiani. Alijifunza kwa bei kubwa, na sehemu ya bei hiyo ililipwa na watu wengine.

Alfred Nobel alizaliwa Stockholm, muji mkuu wa Uswidi, tarehe 21 mwezi wa 10 mwaka 1833. Mwaka uleule baba yake, Immanuel, alifilisika. Mzee huyo alikuwa fundi na mvumbuzi, mwenye mawazo mingi na pesa kidogo. Akaondoka kutafuta maisha, na akafika Saint Petersburg ku Urusi, mahali alipoanza kutengenezea jeshi la mfalme mabomu ya baharini. Mama, Andriette, akabaki na watoto Stockholm, akiuza ku duka dogo, mpaka mwaka 1842 familia yote ilipomfuata baba. Alfred alikuwa mtoto wa kuuguauugua. Masomo ya darasani alipata mwaka mmoja hivi tu; mengine yote alifundishwa nyumbani na walimu wa kulipwa. Akiwa kijana tayari alisema vizuri Kiswidi, Kirusi, Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani.

Mmoja wa walimu wale alikuwa mtaalamu wa kemia, Nikolai Zinin. Siku moja Zinin alimwaga tone la kitu sawa mafuta juu ya chuma cha mufua vyuma, akalipiga na nyundo. Pale nyundo ilipopiga palilipuka. Tone lililobaki pembeni halikufanya kitu. Alfred hakusahau jambo hilo maisha yake yote, na ukiliangalia vizuri utaona swali lote la kazi yake lilikuwa pale: kwa nini hapa imelipuka, na pale, sentimeta mbili tu, imekaa kimya?

Mafuta yale yalikuwa nitrogliserini. Aliyeyavumbua ni Mwitalia, Ascanio Sobrero, ku Turin, mwaka 1847. Anachanganya gliserini, ile inayotoka ku kazi ya kutengeneza sabuni, na asidi mbili kali. Kinachotoka ni maji mazito, matamu ku ulimi, na ukiyagusa tu kichwa kinauma mpaka unatafuta pa kulala. Sobrero mwenyewe aliumizwa uso na mlipuko. Akaona ni kitu cha hatari tu, kisichoweza kumsaidia mtu.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu bila kuelewa hili, maisha ya Nobel yanabaki hadithi ya tajiri tu. Baruti nyeusi ya zamani, ile ya bunduki za wazee, inahitaji moto. Cheche inaigusa, inawaka haraka sana, moshi wake unasukuma. Nitrogliserini ni kitu kingine kabisa. Ukiwasha kidogo mahali pa wazi, mara nyingi itawaka tu sawa mafuta ya taa na kuisha. Ukiipiga, au ukiiangusha, au ikipata joto ikiwa imefungwa ndani ya chupa, inapasuka yote mara moja, kwa nguvu inayozidi baruti mbali sana. Kwa hiyo kuwaka na kulipuka ni mambo mawili, si moja. Kitu kinaweza kukataa moto na kukubali nyundo. Kingine kinaweza kukubali vyote viwili.

Basi shida ya mafuta ya Sobrero ilikuwa na pande mbili. Ukitaka ilipuke, hujui kwa hakika itakubali. Usipotaka, njo inalipuka. Alfred alianza na upande wa kwanza. Vita vya Crimea vilipoisha mwaka 1856, jeshi la Urusi liliacha kununua, kiwanda cha baba kikaanguka tena, na wazazi wakarudi Stockholm. Alfred akawafuata mwaka 1863. Mwaka ule akapata njia: kuweka ndani ya nitrogliserini mlipuko mdogo wa baruti, ule mdogo uamshe ule mkubwa. Baadaye, mwaka 1865, akaufanya ule mdogo kuwa kifuko cha chuma chenye fulminati ya zebaki. Hiyo njo detonateri. Wataalamu wengi wanasema uvumbuzi huo unaizidi hata dinamiti, na mimi naona wana haki. Mpaka leo hakuna mgodi mkubwa unaolipua jiwe bila mtoto wa ile detonateri.

Upande wa pili wa shida ulimfikia nyumbani. Tarehe 3 mwezi wa 9 mwaka 1864, asubuhi, kibanda walichokuwa wanatengenezea nitrogliserini mtaa wa Heleneborg, ndani ya Stockholm, kililipuka. Walikufa watu watano. Mmoja wao alikuwa Emil Nobel, mdogo wake Alfred, kijana wa miaka 20 ambaye alikuwa amekuja kusaidia baba na kaka. Baba hakurudi tena kuwa sawa. Miezi michache tu akapooza, akaishi miaka yake ya mwisho kitandani. Alikufa mwaka 1872, tarehe ileile 3 mwezi wa 9.

Mtu angesema Alfred angeacha. Hakuacha. Mwezi mmoja na kitu baadaye kampuni yake ya kwanza ilikuwa tayari, maana wakubwa wa reli ya Uswidi walitaka dawa hiyo kwa kutoboa njia ya treni chini ya Stockholm. Serikali ya muji ikakataza kazi ile kati ya nyumba za watu. Akapanda ku chombo kilichofunikwa, akakifunga ndani ya ziwa Mälaren, na pale juu ya maji akaendelea. Watu wa kando ya ziwa hawakumtaka, akawa anasogezwa. Ningekuwa jirani yake, mimi pia ningemfukuza.

Alipopata kiwanda ku Krümmel, karibu na Hamburg, Ujerumani, nitrogliserini ikaanza kusafiri dunia nzima ndani ya makopo na masanduku, na watu walioibeba hawakujua wamebeba nini. Inasimuliwa kwamba wengine waliipaka ku magurudumu sawa grisi. Mwezi wa 4 mwaka 1866 meli European ililipuka ku bandari ya Aspinwall, ile leo inaitwa Colón, Panama, na kuua makumi ya watu. Siku chache mbele, ku San Francisco, sanduku lilianza kuvuja ndani ya ofisi ya kampuni ya usafirishaji; wafanyakazi wakataka kulifungua kwa vyombo vya chuma, na watu karibu 15 wakafa. Kiwanda cha Krümmel chenyewe kilipasuka mwaka ule. Nchi mbalimbali zikaanza kukataza. Uingereza ilifika mpaka kutunga sheria ya pekee juu ya nitrogliserini mwaka 1869.

Hapa njo maisha yake yanageuka. Mpaka wakati ule Nobel alikuwa anaamini kwamba ajali ni makosa ya watu, kwamba wangefuata maelezo haingelipuka. Baada ya mwaka 1866 akakubali kwa vitendo kwamba maelezo hayatoshi. Mtu atachoka, atadondosha, atagonga. Kitu chenyewe kilipaswa kubadilika, kivumilie mtu aliyekosea.

Akaanza kutafuta cha kunyonya yale mafuta. Alijaribu makala ya kusaga, vumbi la mbao, vumbi la tofali, saruji. Ku mashamba ya kaskazini mwa Ujerumani kulikuwa na udongo mweupe, mwepesi sana, unaitwa kiselguri. Ni maganda ya vijidudu vya maji vilivyokufa zamani za kale, na kila punje yake ina matundu. Sehemu tatu za nitrogliserini kwa sehemu moja ya udongo, na unapata kitu sawa unga uliokandwa, unaweza kuuviringa ndani ya karatasi ukawa fimbo. Kuna hadithi kwamba aligundua kwa bahati, eti kopo lilivuja ndani ya udongo wa kufungia mizigo. Yeye mwenyewe aliikana. Alisema alitafuta, akajaribu kimoja kimoja. Hati ya uvumbuzi aliipata mwaka 1867, akakipa kitu hicho jina la dinamiti, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya nguvu.

Lakini nani angemwamini? Jina lake lilikuwa limenuka. Kwa hiyo akafanya kitu ambacho kilikuwa kigeni kwa wauzaji wa wakati ule: akaanza kujaribu dawa yake mbele ya macho ya watu. Mwezi wa 7 mwaka 1867 aliwaita watu ku karieri ya Merstham, kusini ya London. Aliweka sanduku la dinamiti juu ya moto wa kuni. Likawaka, likaisha, hakuna mlipuko. Akachukua lingine, likatupwa kutoka juu ya jabali, mita karibu 18 mpaka chini ku mawe. Halikufanya kitu. Kisha akachukua dinamiti ileile, akatia detonateri, akapasua jiwe.

Wengi wanasema siku ile alikuwa anatafuta wateja, na ni kweli. Ila angalia mpangilio wake. Moto peke yake. Kuanguka peke yake. Halafu detonateri peke yake. Alitenganisha maswali ambayo watu walikuwa wanayachanganya, na kila swali likapata jibu lake mbele ya mashahidi. Mwaka 1867 viwanda vyake vilitoa tani 11 za dinamiti. Mwaka 1874 vilitoa tani 3.120. Njia ya treni ya Gotthard, chini ya milima ya Uswisi, ilitobolewa nayo.

Sasa, asije mtu akasema tumeandika hapa kwamba dinamiti haiogopi moto. Fimbo moja mahali pa wazi inaweza kuwaka tu. Sanduku nyingi zikiwa pamoja, au zimefungwa mahali pa kubana, joto linakusanyika na zinaweza kulipuka zote. Baridi nayo ni adui. Nitrogliserini inaganda ku digri 13, na ile dinamiti ya zamani ikiganda na kuyeyushwa ovyo ilikuwa inaua. Wachimbaji wa Ulaya na Amerika walikufa wakiikausha karibu na jiko. Msidhani ni mambo ya theluji tu: hapa Lubumbashi, mwezi wa 6 na wa 7, usiku joto linashuka chini ya digri 10. Na ikikaa muda mrefu inatoka jasho, matone ya nitrogliserini yenyewe, na tunarudi kule ku nyundo ya Zinin.

Na wafanyakazi? Mwaka 1871 kampuni yake ilianza kujenga kiwanda ku Ardeer, pwani ya Scotland, kati ya vilima vya mchanga, juu ya kwamba mchanga unameza mlipuko. Pale, mtu wa kuangalia kipimajoto wakati asidi inachanganywa na gliserini alikaa ku kiti cha mguu mmoja. Akisinzia, anaanguka, anaamka. Kipimajoto kikipanda kupita kiasi, mchanganyiko wote ulimwagwa haraka ndani ya maji mingi. Kile kiti kinasifiwa sana ku vitabu sawa akili ya usalama. Mimi nakiona pia upande wa yule aliyekikalia, saa baada ya saa, anajua maisha ya wenzake yanategemea asifunge jicho.

Wakati ule pia ndugu zake wakubwa, Robert na Ludvig, walikuwa Baku, ku bahari ya Caspian, wanachimba mafuta. Mwaka 1878 Ludvig aliingiza ku maji meli Zoroaster, moja ya meli za kwanza duniani kubeba mafuta ya taa ndani ya matanki yake badala ya mapipa. Mafuta ya taa yalikuwa na vifo vyake, kwa sababu wauzaji walichanganya esansi ndani na taa zikapasuka ndani ya nyumba. Aliyeweka kipimo alikuwa Mwingereza, Frederick Abel, ambaye baadaye atagombana na Alfred. Abel alitengeneza kikombe kilichofunikwa: unapasha mafuta polepole, unafungua tundu dogo, unapitisha kimoto, unaandika digri ambayo mvuke unashika. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1879 ikakitumia, na ikaweka mpaka wa digri 73 za Fahrenheit, sawa na 23 zetu. Mafuta yaliyoshika moto chini ya hapo yalihesabiwa ya hatari.

Hesabu ile inatuhusu mpaka leo. Mafuta ya taa mazuri mvuke wake hauwaki mpaka joto lipite digri 38 hivi. Mazuti, juu zaidi, kama 55. Esansi, mvuke wake unashika hata ku digri 40 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba bido la esansi la Kadhafi kando ya barabara linatoa mvuke wa kuwaka asubuhi, mchana na usiku, baridi au jua, na mbabula ya mama anayechoma mahindi pembeni haihitaji kuligusa. Sange, ku Kivu ya Kusini, tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja kuchota, wengine walikuwa ndani ya ukumbi jirani wanaangalia kombe la dunia. Walikufa zaidi ya 230.

Turudi kwa Alfred. Mwaka 1875 alipata jelatini ya kulipua, yenye nguvu kuliko dinamiti na isiyoogopa maji, dawa nzuri kwa migodi yenye kulowa. Mwaka 1887 akatengeneza balistiti, baruti isiyo na moshi, na hii si ya mawe tena, ni ya mizinga na bunduki. Aliishi Paris wakati huo. Alipoiuzia Italia, Wafaransa wakamwona sawa msaliti, akahama mwaka 1891 mpaka San Remo, Italia. Waingereza nao, kupitia Abel na mwenzake James Dewar, walitengeneza korditi iliyofanana sana na yake. Akapeleka kesi London, akashindwa mwaka 1895. Hakusahau.

Hakuoa, hakuzaa. Alikuwa na viwanda karibu 90 na hati za uvumbuzi 355, na maisha yake mengi aliyapitisha ku treni na hoteli. Rafiki yake wa barua, Bertha von Suttner, mwanamke wa Austria aliyepigania amani, alimsukuma miaka mingi. Nobel alimjibu kwa mawazo ambayo leo yanashangaza: kwamba silaha zikiwa mbaya vya kutosha, majeshi yenyewe yataogopa na kuacha. Miaka 18 baada ya kifo chake vita vikuu vya kwanza vilianza, na hawakuogopa.

Mwisho wake una kitu cha ajabu. Moyo ulipoanza kumsumbua, madaktari walimwandikia nitrogliserini, kidogo sana, maana inafungua mishipa ya damu. Ni jambo lilelile lililokuwa linawaumiza vichwa wafanyakazi wake. Alikufa San Remo tarehe 10 mwezi wa 12 mwaka 1896. Ku wosia aliouandika Paris mwaka mmoja mbele, aliacha sehemu kubwa ya mali yake, zaidi ya milioni 31 za korona za Uswidi, kwa zawadi tano. Jamaa wengine wa ukoo walikasirika na kushindania. Zawadi za kwanza zilitolewa mwaka 1901, na ya amani ilimfikia Bertha mwaka 1905.

Miaka 10 baada ya kifo chake, mwaka 1906, Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa hapa Lubumbashi. Leo migodi mikubwa ya dunia imeiacha dinamiti. Inatumia zaidi nitrati ya amonia iliyochanganywa na mazuti, au uji wake. Kitu hicho ni kivumilivu kuliko vyote alivyovijua Nobel, detonateri peke yake mara nyingi haitoshi kukiamsha, kinataka mlipuko wa kati. Ndiyo maana detonateri hazikai stoo moja na dawa yenyewe. Lakini Beirut, tarehe 4 mwezi wa 8 mwaka 2020, tani 2.750 za nitrati hiyo zilikaa miaka ndani ya ghala bila uangalizi, moto ukaingia, na nusu ya muji ikavunjika.

Dawa yoyote mpya ya kulipua, kabla ya kupata ruhusa ya kusafiri, inapita majaribio ya kitabu cha Umoja wa Mataifa. Uzito unaangushwa juu yake. Inasuguliwa. Inapashwa joto ndani ya bomba la chuma. Na masanduku yake mazima yanapangwa juu ya moto mkubwa, watu wakiangalia kutoka mbali kuona yatawaka au yatalipuka, sawa vile ilifanyika Merstham. Majibu ndiyo yanaandikwa ku ile alama ya rangi ya machungwa, iliyosimama ku pembe moja, utakayoiona nyuma ya lori kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi. 1.1 ni mzigo unaoweza kulipuka wote kwa mara moja. 1.4 ni hatari ndogo. 1.5 ni ile mivumilivu, ngumu kuamsha, lakini ikiamka inaondoka yote. Lori la namna hiyo likishika moto na moto ukafika ku mzigo, hata wazima moto hawatakiwi kuuzima: wanaondoa watu, mpaka kilometa moja na nusu na zaidi.